Kwa nini mchanga wa Shela hupauka chini ya unyayo

Maji yakishapwa Shela, kisiwani Lamu, na ufuo ungali unang'aa, tembea pekupeku huku ukiutazama mguu wako. Unapokanyaga, mchanga ulio kandokando ya unyayo hupauka ghafla, kana kwamba umenyonywa maji. Inua mguu, na alama ya unyayo hujaa kidimbwi. Wengi hudhani uzito wa mwili ndio unaokamua maji. Ingekuwa hivyo, mchanga ungelowa zaidi, si kukauka.

Mhandisi Osborne Reynolds wa Uingereza alilieleza jambo hili mwaka 1885. Punje zilizoshindiliwa hukaa kila moja kwenye pengo la wenzake. Ukizilazimisha kusogea, hazina budi kupandiana, na zikipandiana mapengo hupanuka, maji ya juu yakazama kuyajaza. Mchanga uliolegea hufanya kinyume: hushuka, kama mchele. Haba na haba hujaza kibaba, lakini muuza mchele anajua kwamba kibaba kikitikiswa hula zaidi.

Mhandisi anayetaka kujua msingi wa nyumba utatitia kiasi gani huuchukulia mchanga kama kitu kimoja kizima, mfano wa unga uliokandwa, akaupa kanuni ya hesabu ya jinsi unavyokinza mzigo. Kwa kazi nyingi hiyo yatosha. Tatizo ni kwamba mchanga ulioshindiliwa ukielemewa haulegei kila mahali. Hukatika kwenye ukanda mwembamba, unene wake punje kumi hadi ishirini hivi, na pande mbili za ukanda zikateleza kama vipande vya tofali. Kanuni isiyojua ukubwa wa punje haiwezi kuujua unene huo.

Basi tuhesabu punje moja moja? Wahandisi Peter Cundall na Otto Strack walichapisha njia hiyo mwaka 1979: kompyuta huangalia punje ipi inagusana na ipi, hupima zinavyosukumana, huzisogeza kidogo, kisha huanza upya. Lakini mita moja ya ujazo ya mchanga wenye punje za nusu milimita ina punje karibu bilioni 9. Na hakuna nyumba inayosimama juu ya mita moja.

Ndiyo maana siku hizi njia hizo mbili huunganishwa. Tandaza wavu wa hesabu kwenye ardhi yote iliyo chini ya jengo, kama jarife. Ndani ya kila jicho, weka kijisanduku kimoja au zaidi cha punje mia kadhaa au elfu chache. Hesabu kubwa hukiambia kijisanduku: umebanwa hivi, umepindishwa hivi. Punje husukumana humo hadi zitulie, kisha hujibu: tunakinza kwa nguvu hii. Majibu yasipowiana na mzigo wa jengo, zinaulizwa tena. Kanuni ya mchanga haiandikwi na mtu. Punje zenyewe ndizo zinazoitoa.

Msibabaishwe na picha za rangi za hesabu hii, lakini. Punje za kompyuta mara nyingi ni mipira, na mpira hubingirika kirahisi kuliko punje yenye pembe. Vipande vya makombe navyo huvunjika upesi kuliko chembe ngumu za mchanga. Isitoshe, macho ya wavu yakibadilishwa ukubwa, ukanda ule wa kukatika nao hubadilika unene, mpaka hesabu iongezewe sharti la kuuzuia.

Kuna jambo moja ambalo kijisanduku hulionyesha waziwazi, nalo linawahusu wachimba visima. Mchanga wenye unyevu husimama wima kwa sababu vijitone vya maji kati ya punje huzivuta pamoja. Kwenye kompyuta tunauondoa mvuto huo kwa kubonyeza kitufe, na ukuta unamwagika hadi kwenye mteremko wa nyuzi thelathini na kitu. Shimoni, kitufe hicho ni jua la saa saba, au mvua inayojaza mapengo yote. Ukuta uliosimama vizuri asubuhi haujakuahidi mchana. Ukingeni kwa mbao, au panueni mdomo wa shimo ulale mteremko, kabla mtu hajashuka.