Ami, Hadithi Hii Ina Mwenyewe

Ijumaa iliyopita baada ya Magharibi nilikuwa barazani kwa ami, hapa Shela ya Malindi, simu yangu ikalia. Aliyetuma ujumbe kwenye grupu ni ami mwenyewe, na tumekaa mkeka mmoja. Kufungua, nakuta hadithi yetu, ile ya mvuvi wa Ngomeni anayesikia jukwaa la San Marco, lile la baharini lililokuwa likirusha setilaiti, likihesabu namba usiku. Imenakiliwa nzima kutoka kwenye jarida letu la mtandaoni, haina jina la mwandishi wala la jarida, na juu yake WhatsApp imeandika kwamba imesambazwa mara nyingi.

"Nimekusaidieni kuitangaza," akasema. "Si ni ya mtandaoni, mwanangu? Ya mtandaoni haina gharama."

Ami alisema kwa nia njema. Lakini maneno hayo nimeyasikia kwa walimu, kwa wafadhili, hata kwa waandishi wenyewe, na mimi ndiye ninayesoma miswada na kushika daftari la pesa. Nimechoka kuyajibu nusunusu.

Karatasi hatununui, ni kweli. Seva na jina la tovuti vina gharama yake, ndogo, tuiache. Gharama ni watu. Hadithi ile ilitufikia ikiwa na jini "mwenye macho mekundu ya kutisha". Mwandishi yuko Kipini, mimi niko hapa, na sentensi hiyo ilitukalisha kwenye simu jioni mbili, mpaka ikawa: "Jini alipogeuka, chemli ilififia upande wake." Msomaji anapita hapo kwa pumzi moja. Mwandishi aliirudia hadithi nzima mara tatu. Nani atamwambia kazi hiyo ilikuwa bure kwa sababu haikupigwa chapa kwenye karatasi?

Tupige hesabu. SFWA, chama cha Marekani cha waandishi wa bunilizi za kisayansi na fantasia, tangu 2019 kinahesabu malipo ya kitaalamu kuanzia senti 8 za dola kwa neno. Hadithi ya maneno 4,000 ni dola 320, yaani zaidi ya shilingi 40,000 za Kenya. Jarida la hadithi tatu kwa mwezi linahitaji dola 960 za waandishi peke yao. Kila mchangiaji akitoa dola 3, wanatakiwa 320, na hapo sijagusa mchoraji wa jalada wala makato ya kupokea pesa. Jarida la Strange Horizons limekuwa mtandaoni tangu 2000, hadithi zake zinasomwa bure, wanaoliendesha wanajitolea, na kila mwaka wanawaomba wasomaji mchango ili waandishi walipwe. Omenana, lililoanzishwa Nigeria mwaka 2014, nalo husomwa bure. Bure hiyo kuna mtu kailipia, na mara nyingi ni wasomaji wachache sana.

Sasa nifike panaponiudhi zaidi, nalo ni jambo la harambee na ada.

Sisi ni watu wa harambee. Mtu anatoa shilingi 5,000 siku ya kuadhimisha jarida, anapigiwa makofi, anarudi kwake ameridhika. Napokea kwa mikono miwili na namwombea heri. Lakini pesa hiyo hainisaidii kumjibu mwandishi ambaye mswada wake niko nao leo. Nikimwambia "tumeikubali", hadithi itatoka baada ya miezi minne na lazima siku hiyo nimlipe. Sijui harambee ijayo italeta nini. Ila watu 40 wanaotoa shilingi 300 kila mwezi ni shilingi 12,000 ninazoziona kabla hazijafika, na juu yake naweza kutoa ahadi. Anayetoa 300 kwa mwaka mzima anatoa 3,600, pungufu ya yule wa 5,000, na bado kwa mhariri yeye ndiye nguzo. Jambo hili nikilieleza watu hudhani nadharau mchango mkubwa. Sidharau. Nasema mwandishi hawezi kuishi kwa bahati yangu.

Mwaka 2023 tuliona ada zinavyobeba mzigo. Amazon ilifunga huduma yake ya kuuza majarida kwa ada kwenye Kindle, kisomeo chake cha vitabu, na jarida la Clarkesworld na wenzake wakaanza kuwatafuta upya wasomaji waliokuwa wakiwalipa kila mwezi. Wasomaji hao hawakulichukia jarida, ni mlango tu uliofungwa. Februari ya mwaka huohuo Clarkesworld walisimamisha kupokea miswada kwa muda, kwa kuwa walifurikiwa na hadithi zilizotungwa na mashine. Kila mswada wa uongo unamla mtu wa kweli dakika zake, na dakika hizo haziandikwi kwenye jalada.

Kuhusu kunakili: jarida hununua haki ya kuchapisha mara ya kwanza, kwa muda uliokubaliwa, kisha mwandishi anabaki na hadithi yake aiuze kwenye mkusanyiko au tafsiri. Ikishazagaa kwenye magrupu bila jina, anauza nini? Tuma linki. Taja jina. Nunua mkusanyiko wa mwaka ukitoka. Kama ni mwanachama wa African Speculative Fiction Society, chama cha bunilizi za aina hii Afrika, pendekeza hadithi kwa Nommo, tuzo zake. Na ukiwa mwandishi, usimlipe mtu yeyote akuchapishe, pesa huenda kwa mwandishi.

Nina mashaka yangu pia. Siku hadithi inaposomwa sana, kwenye daftari langu wachangiaji hawaongezeki siku hiyo, na nimeacha kuamini kwamba linki pekee inatosha. Nimewahi kutaka kufunga hadithi zote kwa ada. Kilichonizuia ni msichana wa sekondari kule Lamu aliyetuandikia kwamba anatusoma kwa simu ya dada yake, usiku. Bado sina hakika kama nilifanya sawa kwa waandishi.

Na hili la malipo kwa neno linaninyima usingizi. "Hatutawasahau" ni neno moja, Kiingereza kinalihesabu matano. Kiwango kilichopimwa kwa lugha yao kinamkata mwandishi wa Kiswahili kila anaponyambua kitenzi vizuri. Kwa hiyo sisi tunalipa kwa hadithi, si kwa neno. Mwandishi wa maneno 6,000 akaja kulalamika kwamba amepata sawa na wa 2,000. Nilimsikiliza, na nadhani alikuwa na haki. Sijapata mizani nyingine.

Yote haya nilimweleza ami, kwa adabu, kahawa ikapoa. Alinyamaza kitambo. Kisha akaanza kuzungumza kuhusu Ngomeni, jinsi watu walivyosimulia habari za Desemba 12, 1970, pale San Marco ilipoirusha Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotumwa maalumu kuchunguza eksi-rei za angani. Ndiyo maana ile hadithi ilimgusa, akasema. Ameisoma mara mbili.

Tukafungua kadi ya M-Pesa GlobalPay kwenye simu yake, ile ya Visa iliyoanza 2022, kwa kuwa pana jarida la nje pia alilotaka kulichangia. Akachagua shilingi 300 zetu, kila mwezi. Nilipotaka kumrudishia simu, akaizuia mkononi mwangu.

"Huyu aliyeandika ni nani?"

Nikamtajia jina na kijiji. Akavaa miwani, akaliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akaweka na linki chini yake, akatuma kwenye lile grupu.