Usiniambie tena niweke Voodoo kwenye mashine ya DOOM

Huyu wa wiki hii ni wa nne. Kijana kaingia karakana, kaikuta kompyuta yangu ya zamani ya kuchezea gemu la DOOM imewaka mezani, kaikodolea macho nusu dakika, kisha kanipa ushauri wa bure: "Anko, kwa nini usiweke Pentium III na kadi ya Voodoo? Itapaa hiyo!" Wa kwanza nilimweleza kwa upole. Wa pili nilimweleza tu. Wa tatu nilimfungulia kasha nikamwonyesha. Huyu wa nne nimemwambia avute kiti asubiri, naandika, ili wa tano nimtumie linki nami niendelee na kazi zangu.

Haipai. Hata ukiifunga mabawa.

DOOM, gemu la kupiga majini kwa bunduki, toleo la DOS (mfumo wa kompyuta wa maandishi, kabla ya Windows kuenea), ilitoka tarehe 10 Desemba 1993, na walioiandika pale id Software waliifunga kwenye mapigo 35 kwa sekunde. Dunia ya gemu husogea mara 35 kila sekunde, na picha mpya huchorwa mara 35, hazizidi. Ukiipa prosesa yenye nguvu mara kumi au zaidi, kama hiyo Pentium III, itachora zile zile 35 halafu itakaa inangoja pigo lijalo. Umepanda V8, sawa, lakini uko nyuma ya bajaji kwenye daraja la njia moja. Piga honi utakavyo.

Na Voodoo, ile kadi ya kuharakisha picha za 3D, ndiyo kabisa. Ile ya kwanza iliingia sokoni 1996, gemu lina miaka karibu mitatu tayari, na inaamka pale tu programu inapoiita kwa jina. DOOM haiiti. DOOM inachora kuta, sakafu, moto na mizimu kwa prosesa peke yake na wala haijui kuna kadi nyingine ndani ya nyumba. Tena Voodoo hiyo ya kwanza haina hata uwezo wa kukutolea picha ya kawaida ya DOS. Inahitaji kadi nyingine pembeni, waya mfupi ukatizwe nyuma ya kasha, ndipo uone maandishi. Kwa hiyo umelipia kadi ya gharama ikae pale kama mgeni wa harusi asiyemjua bibi wala bwana. Ungeniambia Quake, tungeelewana. Gemu hilo ni mtaa mwingine.

Najua kuna watakaosema msimbo wa DOOM (source code) uliachiwa huru Desemba 1997, siku hizi zipo aina za DOOM zinazotumia kadi za kisasa na kwenda kasi yoyote. Zipo, na nazicheza kwenye laptop yangu. Ila hiyo ni DOOM iliyowekwa ndani ya mashine. Mimi najenga mashine ya DOOM. Gemu ndilo linaloichagua mashine, sehemu baada ya sehemu, na stika za kuzimu ubavuni hazina kura.

Sasa nguvu inahitajika wapi? Hapa ndipo watu wananichosha, maana wote wanatazama prosesa na hakuna anayetazama barabara ya kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kadi ya picha. Prosesa yangu ni 486 DX2-66 ya MHz 66, RAM MB 8 (gemu linataka 4, ukiwa na 8 diski inapumzika, ukizidisha hapo hakuna cha maana unachoongeza). Skrini ya DOOM ni nukta 320 kwa 200, yaani baiti 64,000 kwa picha moja. Zidisha kwa 35 upate kama MB 2.2 kila sekunde. Leo kiasi hicho ni cha kuchekwa. Lakini DOOM ya DOS huziandika nukta hizo mojamoja, kuta kwa mistari ya wima, sakafu kwa ya mlalo, moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kadi. Kadi ya ISA, aina ya zamani ya nafasi ya kuchomekea kadi, iko kwenye njia ya kama MHz 8. Kila nukta inapiga foleni, na prosesa yako ya MHz 66 imesimama mlangoni na ndoo mkononi.

Dawa yake ni VESA Local Bus (VLB), ile nafasi ndefu inayokwenda mwendo wa MHz 33 sambamba na nje ya prosesa. Usiniamini mimi, pima. Andika doom -timedemo demo3, litajicheza lenyewe mpaka mwisho kisha likutupe DOS na mstari unaosema mapigo 2134 yamechukua mangapi ya saa halisi. Gawa 74,690 kwa namba hiyo ya pili, utapata picha kwa sekunde. Kwa kadi ya ISA nilipata 4,150, yaani picha 18. Nikachomoa, nikaweka ya VLB, prosesa ile ile, RAM ile ile: 2,600. Picha karibu 29. Sikugusa kingine chochote zaidi ya bisibisi. Onyo dogo tu: kadi za VLB ni ndefu kama rula na ngumu kuingia. Weka kitu chini ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) kabla hujakandamiza, la sivyo itapinda na nyuzi zake zitakatika usizione.

Mengine nayapitia haraka. Kama mazabodi yako ina ile betri ya pipa la rangi ya bluu, itoe leo. Usisubiri kesho. Ikivuja inatafuna njia za shaba, na hapa kwetu pwani kwenye chumvi na unyevu ndiyo usiseme. Paliposhika ukungu wa kijani safisha kwa siki, kisha spiriti, kausha. Ukiweka CR2032, ile betri bapa ya kidonge, mahali pake weka na dayodi inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwa sababu mazabodi inajaribu kuchaji betri ya zamani na CR2032 haichajiwi. Diski: kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash na adapta ya IDE (njia ya kuunganishia diski) inatosha, ila BIOS nyingi, programu zinazoamsha mashine, za wakati huo haziioni zaidi ya MB 504, kwa hiyo usinunue kubwa ukaja kunilaumu. Pawa saplai: angalia swichi nyekundu nyuma. Jamaa yangu aliniletea kasha kutoka Marekani, zuri, halina mkwaruzo, nikachomeka kwa furaha. Swichi ilikuwa kwenye volti 115 za kwao, si za kwetu. Mlio wake mke wangu aliusikia akiwa jikoni.

Twende kwenye kioo, maana hapa ndipo mtu anaweza kujenga mashine safi kisha akaichongea mwenyewe. Tumieni kichogo, ile monita ya zamani yenye mgongo mkubwa. Nasema hivyo nikijua kichogo ni kizito, kinakula umeme, na ndani yake mna volti maelfu zinazobaki hata ukichomoa waya, kwa hiyo kama hujui usikifungue. Sababu si ushamba.

Kwanza, umbo. Nukta 320 kwa 200 ziliwekwa kwenye monita ya 4:3, kwa hiyo kila nukta ni ndefu kwenda juu kuliko upana wake, kwa sehemu moja ya tano. Wachoraji walichora wakijua hivyo. Ukichomeka kwenye skrini bapa pana ikatanua kila kitu, yule askari anayekutazama pale chini katikati, anayevuja damu kadiri unavyopigwa, anageuka kuwa na mashavu ya mtu aliyetoka kula pilau ya Idi. Mtu anacheza hivyo mwaka mzima, anadhani ndivyo alivyo.

Pili, mwendo. Hali hii ya VGA, mfumo wa picha wa kompyuta za wakati huo, hupiga skrini mara 70 kwa sekunde. Sabini, nusu yake thelathini na tano. Kila picha ya DOOM inakaa kwa mapigo mawili kamili ya kioo, mawili, mawili, mawili, kama hatua za mtu mmoja. Skrini bapa nyingi zinafanya 60. Sasa gawa picha 35 kwa nafasi 60: nyingine zinakaa mara moja, nyingine mara mbili, na ukigeuka kushoto taratibu ukuta unakwenda kwa kigugumizi. Watu hulaumu prosesa. Wananiletea mashine niiongeze nguvu! Mashine haina kosa lolote, kosa ni kioo.

Msomaji makini hapa ameshaninyooshea kidole. Nimesema mashine yangu inatoa picha 29. Ikiwa haifiki 35, huo uzuri wa mawili-mawili unatoka wapi? Hautoki. Kwenye kumbi kubwa zenye majini wengi hesabu yangu inavunjika, kigugumizi kipo, hata kwenye kichogo. Ninachofanya ni kubonyeza alama ya kutoa mara moja, dirisha la gemu linapungua na fremu ya mawe inajitokeza pembeni, na hapo sehemu nyingi zinanyooka. Ndivyo tulivyocheza zamani. Mara ya kwanza kuiona DOOM ilikuwa kwenye ofisi ya wakala wa forodha alikofanya kazi mjomba, saa ya chakula cha mchana, na dirisha lilikuwa dogo kama bahasha. Hatukulalamika.

Na ukinibana zaidi nitakiri kwamba DX4-100, prosesa ya kasi zaidi, ingeniondolea sehemu kubwa ya tatizo hilo. Ipo hapa, kwenye droo, kwenye sponji yake. Inaingia kwenye mazabodi hii nikibadilisha jampa (vipini vidogo vya kupangia bodi) na volti. Siiweki. Nimejaribu kutafuta sababu ya kifundi nikakosa. Ya mjomba ilikuwa DX2-66, basi. Kwa hiyo nikiwakaripia wenzenu kuhusu Pentium III, mjue nami nina ujinga wangu, ila wangu nimeupima.

Sauti nayo. Kadi ya sauti ni Sound Blaster 16, yenye chipu ya muziki ya Yamaha OPL3. Tazama kwenye kadi kama imeandikwa YMF262, kwa sababu matoleo mengine ya baadaye yalikuja na chipu ya kuigiza, na muziki wa Bobby Prince, mtunzi wa muziki wa DOOM, ukipita humo unakuwa kama bendi imepiga ikiwa ndani ya tangi la maji. Ndivyo ninavyosikia. Lakini nilimfumba macho mpwa wangu nikampigia zote mbili, akasema hazina tofauti. Akanifumba mimi. Katika mara tano nilikosea mbili. Tangu siku hiyo, hoja hiyo naitoa kwa sauti ya chini. Kuweka IRQ (namba ambayo kadi huitumia kuita prosesa) 5, siyo 7 inayogombana na printa, hilo halina mjadala.

Mnaouliza, basi hiyo "DOOM" yenyewe iko wapi, kasha mbona la kawaida? Kasha ni lile lile la rangi ya maziwa, limeiva njano kidogo. Sikulipaka rangi. Wako wanaolipauka kwa haidrojeni peroksaidi na jua. Nilifanya kwenye kifuniko kimoja, kikang'aa, na baada ya muda njano ikarudi, tena kwa mabaka. Nimeacha.

Kuna mambo mawili tu. Pale mbele pana ile taa ya namba inayoonyesha MHz. Wengi wanaamini inapima kasi. Haipimi chochote! Nyuma yake kuna jampa, kila kijiti cha namba unakiambia kiwake lini: turbo, kile kitufe cha kubadili kasi, ikiwa imebonyezwa, ikiwa haijabonyezwa, muda wote, au kisiwake kabisa. Unaweza kuiandikia lolote linaloandikika kwa vijiti saba. Nilikaa nayo jioni nzima na koleo ndogo. Turbo ikibonyezwa inasoma 66. Ikiachiwa inasoma E1, sura ya kwanza, ile waliyoigawa bure kwa dunia nzima.

La pili ni kufuli. Makasha ya wakati huo yalikuwa na tundu la ufunguo mbele, ukilifunga kibodi inakufa. Fundi wa funguo wa mtaani kwetu alinichongea vichwa vitatu, nikavipaka bluu, njano na nyekundu kama funguo za milango ndani ya gemu, nikavitia kwenye pete moja. Kinachofungua ni kimoja.

Yule kijana wa nne bado yuko hapa. Nimempa pete ya funguo wakati naandika aya ya juu. Alianza na wa bluu, akageukia wa njano, akanitazama, nikanyamaza. Wa nyekundu ukazunguka, kibodi ikaitika, akaingia E1M1, ramani ya kwanza ya sura ya kwanza, na dakika ishirini karakana ikawa na mlio wa shotigani tu. Hakuitaja Voodoo. Sasa hivi amekufa kwenye E1M2, amegeuka na kiti chake, ananiuliza:

"Anko, na ukiiongezea RAM?"