Kwa nini matokeo ya sataranji ya Dodoma hupitia shirikisho la taifa

Katika kazi yangu ya uamuzi wa sataranji hapa Dodoma, vijana huniuliza mara kwa mara kwa nini hawawezi kujipelekea matokeo yao FIDE, yaani shirikisho la sataranji la dunia, ilhali tovuti yake inafunguka hata kwenye simu. Sababu ni kwamba wanachama wa FIDE, iliyoasisiwa Paris tarehe 20 Julai 1924 na ambayo sasa ina makao makuu Lausanne, Uswisi, ni mashirikisho na si wachezaji, na kila nchi huwakilishwa na shirikisho moja.

Tuseme mashindano yanafanyika katika ukumbi wa chuo hapa mjini. Kabla kete ya kwanza haijasogezwa, afisa wa viwango wa shirikisho, yaani anayeshughulikia namba zinazoonyesha nguvu ya kila mchezaji, lazima awe ameshayasajili FIDE. Yakimalizika, mwamuzi humkabidhi afisa huyo faili lenye matokeo ya kila raundi, ambamo kila mchezaji wetu ana namba yake ya FIDE na herufi TAN za Tanzania, naye afisa ndiye huliwasilisha FIDE. Mchezaji mpya wa sataranji ya muda mrefu hupata kiwango baada ya kucheza na wapinzani wasiopungua watano wenye viwango, na tangu Machi 2024 hakuna kiwango kinachoshuka chini ya 1400. Orodha mpya hutoka kila mwezi. Usajili ukisahauliwa, kijana aliyewafunga wakubwa wake hatavuna chochote, na kwangu mimi huo ni uzembe wa ofisi anaobebeshwa asiyehusika.

Hadhi ya shirikisho huonekana pia kwenye Mkutano Mkuu wa FIDE, ambako kila shirikisho lina kura moja. Kura ya Tanzania ina uzito uleule wa kura ya India, yenye magrandmasta (wachezaji wa daraja la juu kabisa) zaidi ya 80, na ndiyo maana wagombea urais hawazipuuzi nchi ndogo. Arkady Dvorkovich alichaguliwa kuwa rais wa FIDE kwa kura za namna hiyo Batumi, Georgia, mwaka 2018. Hata hivyo, shirikisho lenye malimbikizo ya madeni huweza kunyimwa kura.

Wengi huchanganya jambo hili na usajili wa Baraza la Michezo la Taifa. Cheti cha Baraza hukipa chama cha michezo, kama shirikisho letu, uhalali ndani ya nchi, lakini hakilipi ada za FIDE. Kwa hiyo mjumbe wa klabu anayehudhuria mkutano wa shirikisho amwombe mhazini stakabadhi za ada hizo, kisha aulize ni nani anayesajili mashindano ya mikoani.