Maana ya "matengenezo ya kinga" katika injini ya dizeli iliyotumika

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu hadi yadi moja ya magari kando ya Ngong Road, Nairobi, akitafuta gari dogo la dizeli lililotumika Japani. Muuzaji alifungua boneti, akatuonyesha injini iliyooshwa ikang'aa, kisha akasema kwa uhakika, "Hii, mzee, imeshafanyiwa matengenezo yote ya kinga." Nilipomwuliza ni yapi, alinijibu kwamba oili imemwagwa ikawekwa mpya, injini imeoshwa kwa mvuke, na injekta moja (kile kifaa kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda) iliyokuwa ikivuja imebadilishwa. Nimeyasikia maneno hayo yakitumiwa hivyo mara nyingi mno mwaka huu, gerejini na katika matangazo ya mauzo, na kati ya mambo matatu aliyoyataja muuzaji ni moja tu linaloweza kuitwa kinga, nalo kwa masharti.

Matengenezo ya kinga ni kazi inayofanywa kwenye kifaa ambacho bado ni kizima, kwa ratiba ya kilomita, ya muda au ya vipimo, ili kisiharibike. Maana yake ni hiyo, na haina fumbo. Linalonisumbua ni jinsi maneno yenyewe yanavyoachwa yalegee.

Neno matengenezo peke yake halitusaidii kutofautisha. Linatokana na kutengenea, yaani kuwa sawa, kukaa katika hali ifaayo, na kutengeneza ni kukifanya kitu kikae hivyo. Ndiyo maana tunatengeneza chai ambayo haikuwapo, tunatengeneza nywele ambazo hazikuwa na kasoro, na tunatengeneza redio iliyokufa, yote kwa kitenzi kilekile. Mzigo wa kutenganisha kazi ya kabla na kazi ya baada umebebwa wote na neno kinga, na hilo ndilo linalotumiwa ovyo.

Kukinga kuna matumizi mawili ambayo kwa mtazamo wa haraka yanapingana. Mtu hujikinga na mvua, akaizuia isimpate. Mtu huyohuyo hukinga maji ya mvua, akayapokea. Mama wa Kayole anayesikia ngurumo wakati wa masika, na mfereji wake umekauka tangu Jumatatu, hutoa karai na ndoo akazipanga chini ya ukingo wa bati, na hapo amekinga. Kinachoyaunganisha matumizi hayo ni kutangulia: ngao au chombo huwekwa katika njia ya kitu kabla kitu hicho hakijafika. Mti ulioanguka ukalala barabarani husemwa umekingama kwa sababu hiyohiyo, kwamba umeshakaa katika njia ya atakayepita. Karai likitolewa baada ya mvua kuanuka halikingi chochote. Maji yakiwa yameshafika chini lugha inatupa vitenzi vingine, kuteka, kufyonza, kuzoa, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba yakimwagika hayazoleki. (Ipo kinga nyingine, yenye wingi wa vinga, ambayo ni kipande cha ukuni unaowaka, nayo ndiyo iliyomo katika methali isemayo kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hilo ni neno jingine, na halina uhusiano na jambo letu.)

Tukirudi yadini, injekta iliyokuwa ikivuja ilibadilishwa kwa sababu ilikuwa imeharibika, na kazi hiyo ni ukarabati, au tiba kama mtu anapenda lugha ya hospitali. Ni kazi njema, lakini haikutangulia chochote. Kuosha injini ni usafi, na kwa gari la kisasa lenye viunganishi vingi vya umeme, maji ya mvuke yenye nguvu yakipenya mahali pasipofaa yanaweza kuleta hitilafu ambayo haikuwapo. Kubadilisha oili ndiko kunakoweza kuwa kinga, ikiwa oili ni ya aina inayotakiwa na wakati wake haukuwa umepita.

Tofauti hii ina uzito zaidi kwa dizeli ya kisasa kuliko ilivyokuwa kwa dizeli za wazee wetu. Injini za zamani zilivumilia mengi. Zilianza kutoa moshi, zikabadilika mlio, zikakosa nguvu kupanda mlima, na fundi mwenye sikio zuri alikuwa na miezi ya kuamua. Tangu 1997, magari madogo yalipoanza kuuzwa na mfumo wa reli moja ya mafuta inayolisha injekta zote, dizeli husukumwa kwa shinikizo kubwa ajabu. Tairi la gari dogo huwa na shinikizo la bar 2 na kitu. Katika reli hiyo shinikizo huweza kupita bar 1,600, na katika injini nyingi za karibuni hufika 2,000 au zaidi. Mafuta hayo hupita katika matundu ya injekta ambayo upana wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Chembe ya mchanga au tone la maji ambalo pampu ya zamani ingelimeza na kuendelea huweza kukwaruza pampu ya leo, na vumbi la chuma kutoka kwenye pampu hiyo likasafiri hadi kwenye kila injekta. Dalili ikija kusikika, hasara huwa imeshatapakaa.

Kwa hiyo filta ya dizeli ndiyo mahali pa kuielewa kinga kwa macho. Nyingi zina kikombe chini yake kwa ajili ya maji, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli na huzama. Nilipolegeza skrubu ya chini ya filta ya gari langu mwezi uliopita na kuyapokea yaliyotoka katika chupa ya jemu, nilisubiri dakika chache, na chini ya dizeli ya rangi ya manjano ukajitenga ukanda mwembamba wa maji, mweupe, wenye mpaka uliokatika wazi kama mstari wa rula. Kikombe kile kinakinga kwa maana zote mbili: kinayapokea maji na kinaizuia pampu isifikiwe nayo. Lakini kikijaa kinaacha kukinga, kama karai lililofurika, na ndipo kukimwaga na kubadilisha filta kabla ya wakati wake kupita kunapokuwa matengenezo ya kinga katika ukamilifu wa neno. Anayesubiri hadi taa ya maji iwake kwenye dashibodi bado amewahi, ila kwa nafasi ndogo. Anayesubiri hadi gari likatae kuwaka ameshaingia katika kuzoa.

Filta, hata hivyo, haikingi kila kitu. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli hupita ndani yake bila kizuizi, nayo hayalainishi pampu kama dizeli inavyolainisha. Uchanganyaji huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida yake. Dhidi ya hilo, kinga ya mwenye gari ni kuchagua kituo cha mafuta anachokiamini na kutokikimbia kwa ajili ya punguzo la shilingi mbili.

Oili nayo inastahili maelezo kuliko jina la sevisi tunalolipa. Dizeli nyingi za kisasa zina filta ya masizi kwenye bomba la moshi, ile ambayo mafundi huiita DPF. Filta hiyo hujaa masizi, kisha kompyuta ya injini huongeza dizeli kidogo ili joto la moshi lipande hadi karibu nyuzi 600 za Selsiasi na masizi yaungue. Masizi huungua, majivu yanayotokana na viambato vya oili hayaungui, hubaki humo daima. Ndiyo maana injini hizi hudai oili yenye majivu machache, ambayo kwa dizeli ndogo za Kijapani huwa na alama ya JASO DL-1 kwenye kopo, na kwa nyingi za Ulaya alama ya ACEA inayoanza na herufi C. Oili nzuri ya aina nyingine, hata iwe ya bei kubwa, itaulainisha mtambo huku ikiijaza filta polepole.

Uchomaji huo unahitaji mwendo. Gari linalotoka Kilimani hadi katikati ya mji katika msongamano, likazimwa, likarudi jioni kwa namna hiyohiyo, hukatizwa kila linapoanza kuyachoma masizi, na katika injini nyingi sehemu ya dizeli ya ziada huteremka kwenye kuta za silinda ikachanganyika na oili. Pale yadini nilivuta kijiti cha kupimia, nikakifuta kwa karatasi, nikakirudisha na kukivuta tena. Weusi wake haukunishtua, kwa maana oili ya dizeli huwa nyeusi mapema. Kilichonishtua ni kwamba ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole, na ilinuka dizeli. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, si afadhali ikizidi kuliko ikipungua?" Nikamweleza kwamba kilichozidi si oili, na kwamba oili iliyozimuliwa kwa dizeli haiwezi kuulinda mhimili wa tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, mhimili unaozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba wa oili hiyohiyo.

Mengine ni mepesi kuyataja. Maji matupu katika kimo cha Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kulanti ya kweli, yaani kimiminika cha kupoza injini, na mfuniko wa rejeta unaoshika shinikizo si anasa. Mkanda wa taimingi, kwa injini zinazoutumia, hubadilishwa kwa kilomita zilizoandikwa kitabuni, uonekane mzima au usionekane, kwa kuwa ukikatika vali na pistoni hugongana.

Kuna matumizi mengine ya neno hili ambayo huniumiza zaidi, nayo ni pale kuziba njia ya EGR inayorudisha sehemu ya moshi injinini, au kuitoboa filta ya masizi na kuidanganya kompyuta, kunapoitwa kinga. Naelewa kinachowasukuma mafundi: vipuri hivyo ni ghali, na mteja amekuja akiwa na fedha kidogo na taa inayowaka. Lakini filta hiyo iliwekwa katika njia ya masizi ili yasifike kwenye mapafu ya watu wanaosubiri matatu kando ya barabara. Yenyewe ndiyo kinga. Kuiondoa ni kuivunja kinga, na kazi hiyo itafutiwe jina lake. Kinga ya EGR ni kuisafisha pamoja na njia ya hewa kabla masizi yaliyochanganyika na mvuke wa oili hayajaganda yakaiziba. Kinga ya filta ni oili sahihi na safari ya mara kwa mara ya mwendo wa kutosha, kama kwenda Naivasha na kurudi.

Gari lililotumika lina jambo lake pia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini miaka hiyo minane mara nyingi hufika bila kitabu cha sevisi. Anayelinunua hawezi kukinga kifaa ambacho hajui kama ni kizima. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ukaguzi: kuisoma kompyuta, kupima mafuta yanayorudishwa na kila injekta, kupima mgandamizo wa silinda, kuangalia kiwango cha majivu katika filta. Kitakachoonekana kibovu kitibiwe na kiitwe kilichotibiwa. Kisha oili, kulanti na filta zote zibadilishwe, kilomita ziandikwe, na ratiba ianzie hapo.

Tulipokuwa tukiondoka nilimwomba muuzaji, kwa heshima, aibadilishe kadi aliyoibandika kwenye kioo cha mbele. Badala ya "matengenezo yote ya kinga" aandike kwamba injekta moja imekarabatiwa, oili imebadilishwa tarehe fulani kwa kilomita fulani, na ipimwe tena kwa sababu imezidi. Alichukua kalamu akaandika mawili ya mwanzo. Lile neno kinga nilimwambia amwachie atakayelinunua gari.