Mvua tuliiona ikija, nzige hatukuwaona

Mwanzoni mwa 2020 mzee mmoja, mfugaji wa Isiolo, aliniuliza: "Mwanangu, hiyo kompyuta yenu iliyojua mvua, ilishindwaje kujua nzige?" Nilijibu kitu, sikumbuki nini. Swali lenyewe sijalisahau, maana ndiyo kazi yangu: kuunda modeli, yaani programu za kompyuta zinazounganisha bahari, hewa, udongo na viumbe hai katika hesabu moja.

Upande wa mvua una afadhali. Wakati wa vuli ya 2019 bahari ya upande wetu ilipata joto kupita kawaida, huku ya Sumatra, Indonesia, ikipoa. Hali hiyo tunaiita dipoli ya Bahari ya Hindi, na ya mwaka ule ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa. Sisi tukafurika, Australia ikakauka. Maji na hewa hufuata kanuni za fizikia; modeli huigawa dunia katika vijisanduku vyenye upana wa kilomita 100 hivi na kupiga hesabu ya kimoja baada ya kingine. (Humo Kilimanjaro, pamoja na mita zake 5,895, hugeuka kilima tu. Tumeshazoea.)

Nzige walianzia mbali. Mei 2018 kimbunga Mekunu kiliipiga Salalah, Oman, na maji yakatuama kati ya matuta ya mchanga ya Rub' al-Khali. Oktoba kikaja Luban. Jangwa likachipua, mahali pasipo na mtu wa kuwaona. Nzige huongezeka takriban mara 20 kila kizazi, na kizazi huchukua miezi mitatu hivi. Vizazi vitatu, mara 8,000. Wakapita Yemen iliyokuwa vitani, wakavuka hadi Pembe ya Afrika. Desemba 2019 kimbunga Pawan kikailowesha Somalia. Kisha kaskazi, upepo uleule ulioleta majahazi pwani, ukawasukuma hadi Kenya.

Sasa tusogee karibu, kwenye yai. Jike huchomeka tumbo lake mchangani na kutaga kina cha sentimita 10 hadi 15, akifuata unyevu. Satelaiti za kupima unyevu wa udongo huona sentimita 5 za juu, basi. Mayai yako chini zaidi ya hapo, na unyevu wa huko tunaukisia kwa hesabu.

Hilo linavumilika. Linaloniumiza kichwa ni miguu. Nzige wa jangwani akiwa peke yake ni mpole, tena huwakwepa wenzake. Majani yakianza kukauka, wote hukimbilia vichaka vichache vilivyobaki vibichi. Hapo hubanana, na kule kuguswaguswa mapaja ya nyuma huongeza serotonini, kemikali ya mishipa ya fahamu, mwilini. Baada ya saa chache tu wameanza kufuatana. Modeli yangu haioni kichaka. Inachukua majani yote na nzige wote wa kisanduku, inawatandaza sawasawa kama mkeka, na kila nzige anapata nafasi yake bila kugusana na yeyote. Wastani unafuta kilekile kinachozaa kundi. Kupunguza kisanduku hadi kilomita 1 kunasaidia kidogo, lakini kichaka bado ni kidogo kuliko hapo, na umeme wa kuendesha kompyuta si wa bure. Kwa hiyo siku hizi sitazami tu majani ni kiasi gani. Natazama yametawanyika au yamejikusanya, na yanajikusanya kwa kasi gani mvua ikishakatika.

Kuna na deni jingine. Kundi la kilomita 1 ya mraba laweza kuwa na nzige milioni 80, na kundi dogo la eneo hilo hula kwa siku chakula cha watu 35,000. Modeli yangu ya wakati ule ilijua majani hupukutika kwa ukame au huteketea kwa moto, kuliwa haikukujua. Nikiifungua leo, majani ya Isiolo ya Februari 2020 bado yako mtini, yanatoa mvuke.