Futi kwa sekunde hazikupi shabaha: dhana potofu za easofti na ukweli wake

Mchezo wa easofti, wa kulengana kwa bunduki za gololi za plastiki, ulizaliwa Japani, lakini leo viwanja vyake vimeenea Uingereza nzima, na mgeni akifika swali lake la kwanza huwa lilelile: "Yako inapiga futi ngapi?", yaani gololi inatoka kwa futi ngapi kwa sekunde. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanza. Bunduki hizi hurusha gololi ya plastiki ya milimita 6, na kasi ya kutoka mtutuni ni jambo moja tu kati ya mengi. Maelezo haya yanahusu bunduki za umeme na za gesi kama zinavyochezewa Uingereza, kwa kuwa huko kanuni zimeandikwa kwa namba.

"Futi nyingi, masafa marefu"

Springi ya bunduki ya umeme hutoa karibu nguvu ileile, uipe gololi nyepesi au nzito. Ikirusha ya gramu 0.20 kwa futi 350 kwa sekunde, hiyo ni jouli 1.14. Weka ya gramu 0.28, na kipimo cha kasi kitasoma futi 296 hivi. Mwenye nayo ataanza kulalamika kwamba bunduki imelegea. Haijalegea. Nguvu haijabadilika, ila gololi nzito haipotezi mwendo haraka, wala upepo hauipeleki unakotaka. Mita 40 mbele, ile iliyoanza polepole ndiyo inayofika ilikolengwa.

Kinachoibeba ni hopapu: kipande cha mpira mwanzoni mwa mtutu wa ndani, kinachoigusa gololi kwa juu ili itoke ikizunguka kinyumenyume. Mzunguko huo huipa mwinuko hewani. Bila hopapu iliyosetiwa vizuri, hata bunduki ya bei kubwa hupiga miguu ya adui.

Kuiseti, anza kwa kuilegeza kabisa. Chagua shabaha iliyo mita 40, uilenge kwa usawa wa kifua, na upige moja moja, si mfululizo. Gololi zitaanguka mapema. Kaza kidogo, piga tano, tazama, kaza tena. Unatafuta mwendo ulionyooka, unaoinuka kidogo sana karibu na mwisho kabla ya kushuka. Zikianza kupaa juu ya shabaha, umezidisha; rudi nyuma. Ukibadilisha uzito wa gololi, unaanza upya.

Zipo dalili za kusoma hapo. Gololi zikikata kona upande mmoja kila mara, mpira umekaa vibaya au una uchafu. Ukikaza hadi mwisho na bado zinaanguka, mpira umechakaa au umeingia mafuta. Isipotoka kitu, gololi imekwama kwenye mpira uliobanwa mno: legeza hopapu, kisha isukume taratibu kwa kijiti cha kusafishia kutoka mdomo wa mtutu.

Kwa bunduki ya jouli 1.1 hivi, gololi za gramu 0.28 au 0.30 ndizo za kununua. Za 0.20 tunaziachia kipimo cha kasi cha asubuhi, kinachofanywa uwanjani kabla ya mchezo.

Na hapo kwenye kipimo kuna mtego mwingine. Bunduki ya gesi haifanani na ya springi: gololi nzito hukaa mtutuni muda mrefu zaidi, gesi ikaendelea kuisukuma, na nguvu ikapanda. Bunduki iliyopita vizuri kwa 0.20 inaweza kuvuka kikomo ukiijaza 0.32. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2017 inahesabu jouli, si futi: 1.3 kwa inayoweza kupiga mfululizo, 2.5 kwa ya moja moja. Kwa hiyo pima kwa gololi utakazochezea.

"Mtutu mrefu ndio wenye shabaha"

Mtutu mrefu usiolingana na silinda, chumba ambamo pistoni husukuma hewa, unaipunguzia bunduki nguvu, kwa sababu hewa ya pistoni inakwisha kabla gololi haijatoka. Kabla ya kununua mtutu mpya, safisha ulio nao. Kata kitambaa cha pamba chembamba, kifunge kwenye kijiti, kiloweke kidogo kwa spiriti ya isopropili, legeza hopapu, kisha vuta na kusukuma hadi kitambaa kitoke cheupe. Malizia kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya silikoni yasiingie humo kamwe: mpira ukiteleza, gololi haizunguki, na utashinda siku nzima ukiilaumu bunduki.

Baada ya usafi, fedha ya kwanza iende kwenye mpira wa hopapu na gololi nzuri. Mtutu mwembamba wa milimita 6.03 unakuja baadaye, na faida yake ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai.

"Miwani yoyote ngumu inatosha"

Hapa hatuna utani. Tafuta maandishi EN 166, kiwango cha Ulaya cha kinga ya macho, kwenye lenzi na kwenye fremu, kisha utazame herufi inayofuata. F maana yake lenzi imejaribiwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6, yenye gramu 0.86, ikienda mita 45 kwa sekunde. Piga hesabu: ni jouli 0.87. Bunduki ya kawaida uwanjani ina 1.14. Lenzi nyingi za F huenda zikahimili zaidi, lakini cheti chake hakikuahidi hivyo. Herufi B inajaribiwa kwa mita 120 kwa sekunde, yaani zaidi ya jouli 6, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Miwani ya kawaida yenye mikono ya masikioni haipewi B. Hupewa gogo, yaani miwani ya kinga inayofunga macho pande zote. Lenzi ikiwa B na fremu ikiwa F, hesabu kwamba una F.

Barakoa za wavu wa chuma hazipati ukungu, na ndiyo sababu zinapendwa. Tatizo ni kwamba gololi mbovu ikigonga wavu kwa karibu huvunjika, na vipande vyake hupenya. Wavu uachie mdomo na meno. Macho yapate lenzi. Kwa ukungu, osha lenzi kwa sabuni ya vyombo na maji, iache ikauke yenyewe. Petroli, asetoni na dawa za vioo zenye amonia zinaila polikaboneti, plastiki ya lenzi, na kuipasua kwa ndani, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Na ukungu ukikuzidi katikati ya mchezo, toka hadi eneo salama ndipo uivue. Usiinue gogo "sekunde moja tu".

"Nimetoa magazini, bunduki ni tupu"

Si tupu. Gololi moja, wakati mwingine mbili, hubaki kwenye hopapu. Toa magazini (kasha la gololi), elekeza mtutu chini mahali salama, fyatua mara mbili tatu kwa moja moja, weka sefti (kizuizi cha kifyatulio), chomoa betri. Fuata mpangilio huo huo kila unapotoka uwanjani.

"Betri ya volti 11.1 inaongeza nguvu"

Inaongeza mwendo wa mota, basi. Gololi inasukumwa na springi, na springi haijui volti. Kwa 11.1 badala ya 7.4 utapata mfululizo wa haraka zaidi na kifyatulio chepesi kuitika, pamoja na bili ya fundi. Gia ikizunguka kasi kuliko pistoni inavyorudi, meno ya gia huikuta pistoni njiani na kuyang'oa meno yake. Kontakti za kifyatulio nazo huungua kwa cheche kama hakuna mosifeti, swichi ya kielektroniki inayobeba umeme badala yake. Giaboksi ya kutoka dukani, ya bei ya chini, ibaki na 7.4.

Betri zenyewe za lipo (lithiamu-polima) zinataka nidhamu. Chaja iwe ya kusawazisha seli. Betri ya mAh 1300 ichajiwe kwa ampea 1.3, na kila seli iishie volti 4.2. Isishuke chini ya 3.0. Ukiiweka wiki kadhaa bila kucheza, iache kwenye 3.8 kwa seli. Iliyovimba hairudi bundukini, hata kama bado inafanya kazi.

"Gesi ni gesi"

Gesi ya kijani ni propani iliyotiwa mafuta kidogo ya silikoni. Kwenye nyuzijoto 20 presha yake ni takriban ba 8. Kwenye sifuri inashuka karibu na ba 5. Ndiyo maana bastola iliyopiga vizuri Julai huko Kent, Januari slaidi yake (sehemu ya juu inayoteleza) hairudi. Magazini iliyoachwa kwenye gari juani ina shida ya kinyume. Dioksidi ya kaboni iko juu zaidi, ba 57 kwenye nyuzi 20, kwa hiyo usiipe bastola ambayo haikutengenezewa. Unapojaza propani, kopo likae kichwa chini, wima kabisa, na uache pale kimiminika kinapoanza kuruka nje. Ukihifadhi magazini, bakiza gesi kidogo ili sili (mipira ya kuzuia kuvuja) zisikauke.

"Gololi za kuoza zinayeyuka mvua ikinyesha"

Haziyeyuki. Nyingi ni za plastiki ya PLA, ambayo huoza kwa joto na unyevu wa muda mrefu; msituni zitakaa sana. Ila kabatini kwenye unyevu huharibika upesi, zikavimba na kukwama mtutuni, hivyo funga mfuko vizuri. Za kuokota chini usizirudishe: chembe moja ya mchanga inakwaruza mtutu na kuvunja nozeli, bomba dogo linaloisukuma gololi kwenye mtutu.

"UKARA ni leseni"

Sheria ya mwaka 2006 inazuia kuuza bunduki bandia inayofanana na ya kweli, isipokuwa kwa wenye utetezi, yaani sababu inayokubalika kisheria, na wachezaji wa easofti ni miongoni mwao. UKARA ni orodha ambayo wauzaji huitazama kuthibitisha kwamba wewe ni mchezaji: umri wa miaka 18, na michezo isiyopungua mitatu ndani ya muda usiopungua siku 56. Asiye kwenye orodha lakini ana miaka 18 anaweza kununua iliyopakwa rangi kali, kama chungwa au buluu, sehemu yake kubwa.

Orodha hiyo haikupi ruhusa ya kuishika barabarani. Kutembea na bunduki bandia hadharani bila sababu ya msingi ni kosa, iwe na rangi au isiwe nayo, kwa hiyo isafirishe ndani ya begi lililofungwa, betri au gesi ikiwa imetolewa. Na aliye Nairobi au Dar es Salaam asidhani kanuni hizi zinamfuata: aulize polisi na forodha kabla ya kuagiza, maana mzigo ukishafika bandarini maelezo ya "ni ya mchezo tu" yatasikilizwa na ofisa, si na muuzaji.