Kuuza duka Mwanza: yanayosemwa na yalivyo

"Kazi ya dukani ni kukaa tu." Hii naisikia zaidi kwa wazazi wanaomtafutia kijana aliyemaliza kidato cha nne pa kujishikiza. Nimeuza duka Kirumba, karibu na Mwaloni, soko la samaki na dagaa, na kiti nilikikalia usiku wakati wa kufunga hesabu. Asubuhi unapokea mzigo na kupanga rafu: bidhaa zinazokaribia kuisha muda zinakaa mbele, mpya nyuma. Hata mwezi wa angani unaufuatilia. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, na hela mtaani hupungua. Asiyelijua hilo ataagiza mikate imdodee.

"Hela ni hela, pokea." Sivyo. Noti za mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya 2010, zilibadilishwa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Baada ya hapo si fedha halali. Mzee akikuletea aliyoitunza sandukuni, mwamkie kwanza kwa Kisukuma, "mwangaluka", kisha mweleze taratibu. Ukiipokea kwa kumwonea huruma, shoti, yaani hela inayopungua kwenye hesabu, ni yako.

"Mteja akitaka rambo, mpe." Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.

"Shoti yote inakatwa kwenye mshahara." Hapa ndipo panaponiuma. Mwezi wangu wa pili droo ilipungua shilingi 38,000. Nilikatwa zote, bila karatasi wala kuulizwa, ilhali droo ile tuliitumia watu wawili. Nikanyamaza, nikidhani ndiyo sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema vingine kabisa: hasara iwe imetokana na kosa lako ukiwa kazini, mwajiri akuandikie chanzo chake, kiasi na alivyokipata, upewe nafasi ya kupinga, nawe ukubali makato hayo kwa maandishi. Hata ukikubali, makato ya namna hiyo hayazidi robo ya mshahara wako. Vijana wengi wanaorudi nyumbani mwisho wa mwezi mikono mitupu hawajawahi kuambiwa hata kimoja kati ya hivyo.

"Mwenye duka ni shangazi yako, mkataba wa nini?" Undugu hauondoi haki ya kupewa masharti ya kazi kwa maandishi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu.

Unayeanza kesho, nunua daftari dogo. Kila unapopokea zamu, hesabuni droo pamoja wewe na anayetoka, andikeni kiasi na saa, mtie sahihi wote wawili. Daftari hilo likae kwako, lisilale dukani.